Tusiwakate mikono wasomi wetu: Somo kutoka Ras Kisimani

KILA unapokaribia msimu wa mitihani, maduka ya fotokopi yaliyo jirani na vyuo vyetu vikuu hufurika wateja. Wanafunzi hupanga foleni kutafuta "madesa", yaani muhtasari wa masomo uliopita mikononi mwa wanafunzi wa miaka mingi, kurasa nyingine zimefifia hata hazisomeki. Hukesha wakikariri, huingia katika chumba cha mtihani, hujibu, hufaulu. Aliyeteleza hufanya "sapu", naye hurudi kwenye madesa yale yale. Baada ya mwezi mmoja muulize mwanafunzi huyo juu ya alichokisoma. Atakwambia: "Kozi ile nilishaimaliza."

Neno hilo, "nilishaimaliza", ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Elimu haimalizwi kama sahani ya wali. Swali la kujiuliza ni hili: kijana aliyekaa chuo kikuu miaka mitatu au minne amebadilika nini? Sizungumzii mavazi wala lafudhi. Nazungumzia namna anavyoyatazama mambo, anavyopima habari anazoletewa, na anavyouona wajibu wake kwa watu waliomsomesha.

Kwa Waislamu wa nchi hii swali hili ni zito. Kwa miaka mingi kilio chetu kilikuwa ni nafasi: vijana wetu ni wachache vyuoni, tufanyeje waongezeke? Alhamdulillah, milango imefunguka. Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu kilianza mwaka 1998. Mwaka huo huo kilianza chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2005. Aidha, vijana wetu wamo katika vyuo vya serikali na vya binafsi. Sasa inatupasa tuvuke mlango tuingie ndani ya darasa, tuulize kinachofanyika humo.

Ili nisizungumze hewani, namwomba msomaji tusafiri pamoja hadi Mafia, katika rasi moja ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia.

Mji ulioliwa na bahari

Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia, upande unaotazamana na delta ya mto Rufiji. Hapo palikuwa na mji wa Waislamu. Ulikuwa na msikiti na nyumba za mawe, na watu wake walifanya biashara na Kilwa. Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba mwana wa Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, alipewa Mafia kuitawala. Sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa zimeokotwa hapo Kisimani. Sehemu kubwa ya mji huo leo haipo. Bahari imeila, ikabakisha mabaki ya kuta, vigae vya vyungu na shanga ambazo maji huzifukua na kuzifukia.

Ipo hekaya inayosimuliwa kuhusu mji huo. Inasemwa kwamba mtawala wake alijengewa jumba zuri na fundi mkuu wa uashi. Kazi ilipokwisha, mtawala akaogopa kwamba fundi yule angekwenda kumjengea mtu mwingine jumba kama lile. Akaamuru akatwe mikono. Wasimulizi wanasema dhuluma hiyo ndiyo iliyouangamiza mji. Hekaya si hati, na sitaki msomaji aichukue kama tarehe. Lakini maana yake haihitaji mkalimani. Mtawala yule alitaka jumba bila ya kutaka ujuzi uendelee. Alitaka kitu kilichokwisha jengwa, akaogopa mikono inayoweza kujenga kingine.

Nasema bila kuuma maneno kwamba baadhi ya ufundishaji wa vyuoni unafanana na amri ya mtawala yule. Mhadhiri anamkabidhi mwanafunzi jumba lililokamilika: tafsiri, orodha, hitimisho. Mwanafunzi anatakiwa alieleze jumba hilo katika mtihani kama alivyoonyeshwa. Namna mawe yalivyochongwa haonyeshwi, na akijaribu kuchonga lake anaambiwa amekosea. Anatoka na cheti, mikono imebaki darasani.

Aliyekariri mwaka 1970 angejibu nini leo?

Ras Kisimani inafaa kwa mjadala huu kwa sababu elimu yenyewe juu ya mahali hapo imepinduka zaidi ya mara moja.

Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ilichapishwa mjini Dar es Salaam ripoti ya uchimbaji uliofanywa Kisimani na Mwingereza Neville Chittick. Huo ndio mwaka ambao chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifungua milango kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Chittick alifanya kazi kubwa hapo na baadaye Kilwa. Kwa kutumia sarafu za Ali bin al-Hasan na ushahidi mwingine, aliona kwamba utawala wa wale wanaoitwa Washirazi ulianza karibu na mwisho wa karne ya 12. Kwa ujumla, wataalamu wa wakati ule waliielezea miji ya pwani kuwa ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Bara Arabu, wenyeji wakiwa pembeni wanatazama.

Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Zilikuwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, na ya mwisho yenye tarehe ilikuwa ya mwaka 1066. Hesabu ya miaka ya watawala wale ikalazimika kurudishwa nyuma hadi karne ya 11. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha akiolojia. Watanzania wakashika sururu wenyewe. Profesa Felix Chami wa chuo hicho alichimba katika ukanda wa Rufiji na katika visiwa vya Mafia, akaonyesha kwamba wakulima na wafua chuma walikuwa wakiishi pwani hii tangu karne za mwanzo baada ya Nabii Isa (AS), muda mrefu kabla ya misikiti ya mawe. Akajenga hoja kwamba hao ndio mizizi ya Waswahili.

Mambo hayakuishia hapo. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji kadhaa ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo. Ilionekana kwamba asili ya Kiafrika ilikuwa kubwa, hasa kwa upande wa akina mama, na kwamba upande wa akina baba palikuwa na asili ya Kiasia, nyingi ikiwa ya Kiajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa maana hiyo, waliosema wageni peke yao walipungukiwa. Na waliozicheka habari za wazee wa Kilwa kuwa ni ngano tupu nao wamejikuta wana la kujibu.

Sasa chukua mwanafunzi aliyekariri jibu la mwaka 1970 akapata alama zote. Leo alichonacho kimepitwa. Mwenzake aliyefundishwa namna ya kupima sarafu, kusikiliza masimulizi ya wazee, kulinganisha na kutoa hukumu kwa tahadhari, huyo bado ana mtaji. Jibu likibadilika hatishiki, kwa sababu alifundishwa njia ya kulifikia.

Elimu inayobadilisha

Wataalamu wa elimu wana maneno yao juu ya jambo hili. Mwaka 1978 Mmarekani Jack Mezirow, baada ya kuchunguza wanawake wa nchini kwake waliorudi chuoni wakiwa watu wazima, alieleza kwamba mtu mzima hujifunza kweli pale anapogundua kuwa mazoea aliyokuwa akiyaona ni ya kawaida yanaweza kuhojiwa, akayapima upya, akaanza kuishi kwa namna nyingine. Mbrazili Paulo Freire, ambaye alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikosoa ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa kama benki: mwalimu anaweka, siku ya mtihani anatoa. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia elimu inayomtenga msomi na watu wake. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, ikaamuliwa kwamba kijana atangulie kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu.

Sera zile zilikuwa na matatizo yake, na nyingi ziliachwa. Lakini ugonjwa waliouona haukuondoka. Tulibadilisha mitaala, tukajenga kumbi, tukaweka kompyuta na intaneti. Leo kijana anaweza kupata jibu la swali lolote katika simu yake kabla mhadhiri hajamaliza kuliandika ubaoni. Kama kazi ya chuo ni kugawa majibu, basi simu imeshaishinda.

Tuliachiwa urithi gani?

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wamarekani na Wabrazili. Ndugu msomaji, tuangalie ya kwetu.

Mtume (SAW) alimwona mtu akiswali kwa haraka bila utulivu. Hakuanza kwa kumpa mhadhara. Alimrudisha akaswali tena, mara tatu, mpaka mtu yule mwenyewe akakiri kuwa hajui zaidi ya hapo na akaomba afundishwe. Hapo ndipo akafundishwa hatua kwa hatua. Kwanza aliachwa aione hali yake, kisha likaja somo. Siku nyingine Mtume (SAW) aliwauliza Masahaba ni mti gani usiopukutisha majani unaofanana na Muislamu. Wakawaza miti ya porini. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo, alijua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye Umar (RA) alimwambia mwanawe kwamba angefurahi sana lau angesema. Leo mzazi gani, au mhadhiri gani, anasikitika kwa sababu kijana amenyamaza?

Tutazame kisa cha Nabii Musa (AS) na yule mja mwema ndani ya Suratul Kahf. Musa ni Mtume, ana kitabu, na bado anafunga safari hadi makutano ya bahari mbili kutafuta elimu. Somo lake halikuwa la kukaa kitini. Lilikuwa la chombo kilichotobolewa, la kijana, na la ukuta uliosimamishwa. Aliona, akashtuka, akauliza kabla ya wakati, akakumbushwa subira, na mwisho akaelezwa. Mafunzo mawili yamo humo kwa pamoja: mwanafunzi lazima ashtushwe na anachokiona, na lazima awe na adabu ya kusubiri kabla ya kuhukumu.

Pwani yetu nayo ina historia ya elimu ya juu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alilazwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini. Lamu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Saleh alifungua darsa kwa watu ambao desturi za mji ziliwaweka nje ya elimu, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao. Darsa ile ilibadilisha wanafunzi, na ilibadilisha mji pia. Katika mfumo wa darsa, ijaza ilitolewa na mwalimu anayemjua mwanafunzi wake: amesoma nini, anakifahamu vipi, na tabia yake ikoje.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Katika madrasa zetu nako kuna kukariri kusikokuwa na ufahamu, na kuna fimbo kwa mtoto anayeuliza "kwa nini". Kuhifadhi ni jambo tukufu, na bila ya kuhifadhi Qur'an isingetufikia kama ilivyotufikia. Lakini imepokewa kuwa Masahaba walijifunza aya kumi na hawakuzivuka mpaka wajue maana yake na kuzifanyia kazi. Kuhifadhi kulikuwa mlango wa kuingilia kwenye matendo.

Je, kuuliza kutawapoteza vijana?

Hofu hii ninaisikia mara kwa mara, na ni ya haki. Wazazi wanaogopa kwamba kijana akifundishwa kuhoji kila kitu, kesho atahoji na dini yake.

Jibu ni kwamba wanazuoni wetu walitenganisha baina ya wahyi na rai ya mwanadamu. Wahyi tunausikia na kuutii. Rai ya mwanadamu, hata akiwa mkubwa, inapimwa. Na mfano bora ni wa imamu ambaye Waislamu wengi wa pwani hii wanamfuata. Imam Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu) alikuwa na rai zake alizofundisha Iraq. Alipohamia Misri, akaishi na watu wengine na kukutana na hoja nyingine, alizipitia upya rai hizo na nyingi akazibadilisha. Wanafunzi wa fiqhi wanazijua hadi leo kama kauli ya zamani na kauli mpya. Alifariki huko Misri mwaka 204 Hijria, sawa na mwaka 820. Yeye hakuona aibu kubadilika baada ya kuona dalili. Sisi wafuasi wake tunaona aibu mwanafunzi akitukosoa tarehe.

Kijana anayepotea kwa urahisi ni yule asiyejua kupima. Akikutana na video yenye sauti ya kishindo, iwe ya mwenye kuitukana dini au ya mwenye kuitumia dini kuchochea dhuluma, hana mizani ya kumfaa. Amezoea kupokea, basi atapokea na hilo.

Darasa la Ras Kisimani

Tuseme sasa mhadhiri mmoja ana wanafunzi 20 wa historia ya Uislamu, sheria au mazingira, na anataka kuwafundisha kwa njia hii. Awapeleke Nyamisati, wavuke kwenda Kilindoni, kisha Ras Kisimani. Asiwape maelezo kwanza. Awape maswali matatu.

Swali la kwanza: unaona nini? Wanafunzi watembee ufukweni, wachore, wapime, waandike. Wasiokote kitu cha kuondoka nacho, maana sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki kama hayo, na tena ni amana.

Swali la pili: nani kasema, na kajuaje? Hapa mwanafunzi aweke pamoja hekaya ya fundi, habari za kale za Kilwa, ripoti ya 1961, na matokeo ya karibuni. Kila kauli aihoji kama anavyohojiwa mpokezi wa hadithi: ameipata wapi, nani alimsimulia, nini kinaiunga mkono?

Swali la tatu: kisha nini? Bahari iliyoula mji wa Kisimani haijaacha kazi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Vijiji vilivyo hai viko karibu na maji, na mikoko inayozuia mawimbi hukatwa kwa ajili ya kuni na kujengea. Mwanafunzi wa sheria aseme fiqhi yetu ya kuzuia madhara inataka nini hapo. Mwanafunzi wa mazingira aeleze mchanga unavyohama. Kisha wote wakae na wavuvi na wanakijiji, wawaeleze walichokiona kwa Kiswahili cha kueleweka, na wakubali kusahihishwa. Mvuvi wa Mafia anajua mikondo ya bahari ile kuliko kitabu kilichomo maktaba.

Mwanafunzi aliyepitia siku tatu za namna hiyo hatasema "nilishaimaliza".

Tufanye nini na darasa la watu 400?

Najua wahadhiri watanijibu: darasa lina watu 400, kipaza sauti kimoja, fedha za safari hazipo, na mtaala unanisubiri. Ni kweli. Lakini safari ni mfano tu. Kila mji una Kisimani yake.

Katika darasa langu nimewahi kuwapa wanafunzi kazi moja nyepesi, wakiwa vikundi vya watu watano: kila kikundi kiende katika msikiti wanaoswali, kiulize ardhi ile ilitolewa na nani, hati iko wapi, na mapato ya wakfu wake yanakwenda wapi. Nauli ilikuwa ya daladala. Wengi walirudi wakishangaa kwamba wameswali miaka yote katika nyumba wasiyojua habari zake. Kikundi kimoja kilikuta karatasi ya wakfu kwa mzee mmoja, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, haijasomwa na yeyote kwa miaka mingi. Mlango wa wakfu katika kitabu cha fiqhi, ambao zamani waliusoma wakipiga miayo, siku hiyo waliusoma kwa makini, kwani hati halisi ilikuwa mbele yao.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila kozi iwe na kazi moja inayomtoa mwanafunzi nje ya ukumbi na kumkutanisha na watu. Pili, sehemu ya alama itokane na mwanafunzi kuitetea kazi yake kwa mdomo mbele ya wenzake, maana desa halijibu maswali. Tatu, mhadhiri aseme wazi pale wanazuoni au watafiti wanapotofautiana, na asifiche tofauti hiyo ili somo lionekane rahisi. Nne, wafadhili na kamati zetu zinazochangia majengo zitenge pia fungu la vitabu, safari za masomo na mafunzo ya wahadhiri wenyewe. Jengo tumelizoea kwa sababu linaonekana na lina kibao cha jina la mfadhili. Mhadhiri aliyefunzwa hana kibao, lakini ndiye anayelipa jengo maana yake.

Nanyi wanafunzi msisubiri wakubwa. Desa litakuvusha mtihani, halitakuvusha maisha. Uliza swali moja la kweli katika kila kipindi. Ukipewa jibu, uliza limepatikanaje. Ukirudi likizo, kaa na wazee wa mtaani kwako uandike wanayoyajua kabla hawajaondoka nayo. Waislamu waliochangishana kwa ajili ya ada yako hawakununua cheti cha kutundika ukutani. Wanangoja mtu wa kuwasomea hati, kuwapimia maji ya kisima, kuwatetea katika baraza na kuwafundishia watoto.

Kisimani inaendelea kumegwa na maji, na mawe yake hatuna uwezo wa kuyazuia yote. Mikono ya vijana wetu tuna uwezo nayo. Kila mhadhiri, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, ajiulize anapoingia darasani Jumatatu: leo ninawafundisha kujenga, au ninawaonyesha tu jumba?

Wabillahi tawfiq.